Kompyuta inasema, sisi tunaipa picha

Kila inapokaribia Desemba 3, Siku ya Kimataifa ya Watu Wenye Ulemavu, tunaziona picha zilezile magazetini na mitandaoni. Mgeni rasmi amesimama mbele ya bweni, kompyuta mpya zimepangwa mezani zikiwa bado na nailoni, na wanafunzi wasioona wamepangwa mstari nyuma yake. Hotuba inasomwa, makofi yanapigwa, magari yanaondoka. Kompyuta hizo zinahitajika sana, na shule nyingi bado hazijapata hata moja. Kinachonisumbua ni kwamba hafla ya makabidhiano imekuwa ndiyo kipimo cha kazi yote. Mtoto yule akishamaliza shule, akawa anaimudu kompyuta yake barabara, kitakachomkwamisha hakimo ndani ya boksi alilokabidhiwa. Kimo ndani ya nyaraka, fomu na matangazo tunayoyaandaa sisi tunaoona, kila siku ya kazi.

Chukua tangazo la ajira. Linaandikwa kwenye Word, maandishi safi kabisa. Kisha linachapwa, linapelekwa kwa mkuu, linatiwa saini, linagongwa muhuri, linapitishwa kwenye skana, na kilichotoka kwenye skana ndicho kinachopandishwa kwenye tovuti. Mtu wa mawasiliano analipiga picha na kulisambaza kwenye makundi ya WhatsApp. Sasa msomaji asiyeona analifungua. Programu ya kusoma skrini, ile inayomsomea kwa sauti kilichomo kwenye kompyuta, inataja jina la faili, inataja ukurasa wa 1, kisha inasema "tupu". Anabonyeza mshale wa kushuka: tupu. Ukurasa wa 2: tupu. Na kama tangazo limewekwa kwenye tovuti kama picha yenye kiungo, bila mtu kuiandikia maelezo, programu inasoma kile pekee ilichokikuta, yaani jina la faili: IMG, dashi, 20240312, dashi, WA0017. Hivyo ndivyo nafasi ya kazi ilivyomfikia. Cheo, sifa, mshahara, tarehe ya mwisho ya kutuma maombi, vyote vipo mbele yake na hakuna hata neno moja aliloambiwa.

Kinachouma ni kwamba maandishi yalikuwapo. Yalikuwa kwenye kompyuta ya mhazili asubuhi ileile, na programu ingeyasoma kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho. Tumeyachukua maandishi yanayosomeka tukayageuza kuwa picha, kwa sababu tumezoea kuamini kwamba muhuri usipoonekana waraka haujawa rasmi. Na tunafanya hivyo Tanzania, katika nchi ambayo Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9 ya mwaka 2010, inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na zaidi ahakikishe angalau asilimia 3 ni watu wenye ulemavu. Mwajiri atakwambia kwa moyo mweupe kabisa kwamba alitangaza nafasi na hakuna mwenye ulemavu aliyeomba.

Wengi hudhani programu hizi hulitazama dirisha la kompyuta kama jicho linavyotazama. Hazifanyi hivyo. Programu ya kusoma skrini huuliza mfumo wa kompyuta maswali machache kuhusu kila kitu kilichopo: hiki ni nini, kinaitwaje, kiko katika hali gani? Ikiwa ni kitufe kilichopewa jina, mtumiaji anasikia "Tuma maombi, kitufe". Ikiwa ni kisanduku cha kuweka alama ya vema, anaambiwa kama kimewekwa alama au la. Mtumiaji haishiki puku, yaani kipanya. Anatembea kwa kibodi: kwenye NVDA, mojawapo ya programu hizi, herufi H inamrusha kutoka kichwa cha habari kimoja hadi kingine, K kwenye viungo, B kwenye vitufe, F kwenye sehemu za kujaza fomu. Aliyezoea huisikiliza sauti kwa kasi ambayo mimi na wewe tungeisikia kama mvumo tu. Kwa hiyo mtu aliyekuza maandishi na kuyakoleza wino ili yafanane na kichwa cha habari, bila kutumia mitindo ya vichwa iliyomo ndani ya Word, hajampa msomaji huyu kitu. Herufi H haina pa kumpeleka. Atausikiliza waraka wa kurasa 60 tangu mwanzo akitafuta sehemu moja ya bajeti.

Hoja ya kwamba vifaa ni ghali ilikuwa na nguvu zamani. Ted Henter, Mmarekani aliyekuwa mwendesha pikipiki za mashindano kabla hajapoteza uwezo wa kuona katika ajali ya gari mwaka 1978, ndiye aliyeanzisha kampuni iliyotoa JAWS mwaka 1989, na kwa miaka mingi programu hiyo ndiyo iliyoingiza wasioona maofisini Marekani na Ulaya. Lakini leseni yake ilifikia dola 1,000 za Marekani. Kwa mwalimu wa Dodoma au Kisumu hiyo haikuwa bei, ilikuwa katazo. Mwaka 2006 kijana wa Australia, Michael Curran, ambaye naye haoni, alianza kuandika NVDA, akaungana na rafiki yake James Teh, naye asiyeona, na mwaka uliofuata wakaanzisha shirika la NV Access ili programu hiyo ibaki bure kwa kila mtu. Leo imetafsiriwa katika lugha zaidi ya 50, na mwalimu yuleyule anaipakua akaiweka kwenye kompyuta ya mtumba bila kulipa senti. Windows inakuja na Narrator yake ndani. Simu za Android zina TalkBack tangu 2009, na iPhone ikapata VoiceOver mwaka huohuo. Bado kuna vitu vya bei ya kutisha, hasa vionyeshi vya nukta nundu, ambavyo kila nukta huinuliwa na kijiti chake cha umeme, na huko ruzuku na misamaha ya kodi ina kazi kubwa. Kwenye sauti, lakini, mlango wa bei umefunguka karibu miaka ishirini iliyopita.

Sauti yenyewe ni habari nyingine, na hapa Kiswahili kinahitaji kusemewa.

Msikilize mtu anayesoma gazeti la Kiswahili kwa injini ya sauti ya Kiingereza. "Pole" inatoka kama mti wa bendera wa Kiingereza. "Wake" inakuwa "weik". Wilaya ya Same inakuwa "seim", na "mate" yanakuwa rafiki wa Mwingereza. Neno kama "ng'ombe" linakatikakatika kwenye kile kikoma cha juu. Kuna watu waliosoma hivi shahada nzima. Wamejifunza kuisikia sauti iliyokosea na kuirekebisha kichwani kabla sentensi inayofuata haijafika, na kazi hiyo hakuna mtihani unaoipa alama.

Ajabu ni kwamba Kiswahili ni miongoni mwa lugha rahisi kuifundisha mashine. Irabu ni tano, kila moja na sauti yake moja. Kilichoandikwa ndicho kinachotamkwa. Mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, isipokuwa katika maneno machache ya mkopo. Kiingereza, chenye tahajia yake ya mashaka, kinahitaji kamusi kubwa ya maneno yasiyofuata kanuni. Kiswahili kinaweza kwenda mbali sana kwa kanuni peke yake. Ndiyo maana eSpeak, injini huria iliyoanzishwa na Jonathan Duddington na ambayo NVDA huibeba ndani yake, ina Kiswahili miongoni mwa lugha zake ingawa programu nzima ni ndogo mno. Sauti yake ni kavu, ya kimashine, lakini "pole" inaitamka pole. Google ina sauti ya Kiswahili kwa simu za Android. Microsoft nayo imetengeneza sauti laini za Kiswahili, mbili za Kenya, Zuri na Rafiki, na mbili za Tanzania, Rehema na Daudi, ila hizo zimeanzia kwenye huduma yake ya mtandaoni, na anayesomea kijijini kwa bando la siku hawezi kutegemea sauti inayokaa upande wa pili wa intaneti.

Ugumu wa kweli uko kwenye tarakimu, na sijaona ukizungumzwa vya kutosha. Andika "watu 2", "vitabu 2", "miti 2". Mimi nawe tunasoma watu wawili, vitabu viwili, miti miwili bila kufikiri. Mashine inasema "mbili" kote, kwa sababu haijaambiwa kwamba nambari hufuata ngeli, tena si zote: sita, saba, tisa na kumi hazibadiliki, ilhali nane inabadilika. Andika "saa 2:30" na injini itasoma mbili, nukta mbili, thelathini. Andika "S.L.P." kwenye kichwa cha barua na itataja herufi tatu badala ya sanduku la posta. Kwa msomaji wa hadithi hili ni kero tu. Kwa mwanafunzi wa hisabati, au mhasibu anayepitia taarifa ya fedha, kila jambo kama hilo ni sekunde ya kusimama na kujiuliza amesikia nini. Hii ni kazi ya wanaisimu wetu na waandishi wetu wa programu wakiwa meza moja. Idara za Kiswahili za vyuo vikuu vyetu zimejaa tasnifu za ngeli, na ningetamani sana kuona japo moja ikigeuzwa kuwa kanuni ndani ya injini huria ya sauti ambayo mtoto wa shule ya wasioona ya Buigiri au ya Thika ataitumia.

Kuna jambo dogo zaidi, la mstari mmoja. Kila ukurasa wa tovuti unapaswa kubeba msimbo unaotangaza lugha yake, na kwa Kiswahili msimbo huo ni "sw". Kisomaji kikiuona, kinabadili sauti chenyewe. Lakini tovuti zetu nyingi hujengwa juu ya violezo vilivyotengenezwa kwa Kiingereza, na msimbo wa "en" huachwa palepale ulipokuwa. Basi hata mtu aliyejisumbua kuweka sauti ya Kiswahili kwenye kompyuta yake anafika kwenye ukurasa wa Kiswahili, ukurasa unaiambia mashine "mimi ni Kiingereza", na sauti ya Kiingereza inaanza kuyatafuna maneno. Kurekebisha hilo ni kubadili herufi mbili. Sijui ni kisingizio gani cha bajeti kinachoweza kuwekwa mbele ya herufi mbili.

Haya si matatizo ya Afrika Mashariki peke yake. WebAIM, taasisi ya Chuo Kikuu cha Jimbo la Utah, kila mwaka huzipima kurasa za mbele za tovuti milioni moja zinazotembelewa zaidi duniani. Mwaka 2019 ilikuta asilimia 97.8 zina makosa yanayoweza kugunduliwa na mashine. Mwaka 2025 zilikuwa asilimia 94.8. Miaka sita, pointi tatu. Na makosa yenyewe ni yaleyale: maandishi yaliyofifia, picha zisizo na maelezo, sehemu za fomu zisizo na majina, viungo na vitufe vitupu. Mtumiaji anasikia "kitufe, kitufe, kitufe", na mojawapo ya vitufe hivyo ndicho kinachohamisha fedha zake. Kuwapa watu vifaa huku tukiendelea kuandika kurasa za namna hii ni kumkabidhi mtu ufunguo wa nyumba iliyojengwa bila mlango.

Nimekaa sana kwa wasioona kwa sababu huko ndiko ninakokujua zaidi. Mwenye mkono mmoja au vidole visivyomtii ana mahitaji mengine. Kile kijidirisha kinachotokea ukibonyeza Shift mara tano, ambacho wengi hukifunga kwa hasira, kilibuniwa katika Kituo cha Trace cha Chuo Kikuu cha Wisconsin ili mtu anayebonyeza kitufe kimoja kimoja aweze kuandika herufi kubwa au kutumia Ctrl bila kushika vitufe viwili kwa pamoja; Microsoft ikakiweka ndani ya Windows 95. Kinamfaa tu iwapo tovuti inakubali kuendeshwa kwa kibodi. Kiziwi naye anazuiwa na video ya serikali isiyo na maandishi wala mkalimani, na huduma kwa wateja isiyo na njia nyingine ila kupiga simu. Katika hali zote hizi kifaa kinafanya nusu yake ya kazi, na nusu iliyobaki iko mikononi mwa aliyetengeneza ukurasa.

Siku hizi nikilizungumza jambo hili naambiwa nitulie, akili mnemba itamaliza kila kitu. Ni kweli imeleta mambo makubwa. Be My Eyes, iliyoanzia Denmark mwaka 2015 kwa kuwaunganisha wasioona na watu wa kujitolea kwa njia ya video, tangu 2023 inaweza kumweleza mtu kilichomo kwenye picha, kwa msaada wa akili mnemba. Wapo wanaosomewa tangazo la skana kwa njia hiyo, na siwezi kumwambia mtu asitumie msaada alioupata. Lakini programu hizo hukisia, na hukisia kwa sauti ya kujiamini. Ikikosea rangi ya gauni hakuna neno. Ikikosea tarehe ya mwisho ya maombi, au tarakimu moja ya namba ya malipo, hasara ni ya msomaji. Isitoshe inatumia bando, inahitaji simu yenye uwezo, na inamtaka asiyeona apeleke nyaraka zake za siri kwenye mitambo ya kampuni ya mbali ili asomewe kile ambacho jirani yake amekisoma kwa kutupa jicho. Kwa nini mzigo huo awe nao yeye, wakati ofisi ilikuwa na maandishi mkononi?

Wapo pia wauzaji wanaozifuata taasisi na kiraka cha kubandika juu ya tovuti, kile kialama cha kimtu kwenye kona, wakiahidi kwamba tovuti itakidhi masharti yote ndani ya siku mbili tatu. Januari 2025 Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, iliitaka accessiBe, mojawapo ya kampuni kubwa za biashara hiyo, ilipe dola milioni 1 kwa kudai kwamba bidhaa yake inaweza kuifanya tovuti yoyote itimize viwango. Wakuu wa TEHAMA wa taasisi zetu, wakiletewa bei ya kiraka cha namna hiyo, wakumbuke uamuzi huo kabla ya kusaini.

Kinachobadilisha mambo ni manunuzi. Marekani ilipoirekebisha sheria yake mwaka 1998, kifungu cha 508 kiliifunga serikali kuu: mifumo inayonunua lazima itumike na wenye ulemavu. Kampuni kubwa za programu zilibadilika, kwa sababu mteja mkubwa kuliko wote alikuwa ameweka sharti mlangoni. Ulaya imeenda mbali zaidi, na tangu Juni 28, 2025 sheria yake inazibana hata benki na maduka ya mtandaoni. Hapa kwetu Afrika Mashariki, Kenya imetangulia. Katiba yake ya 2010, ibara ya 54, inatoa haki ya kupata vifaa na nyenzo za kuvuka vikwazo vya ulemavu, na mwaka 2022 ilitoa kiwango cha KS 2952 kuhusu ufikikaji wa bidhaa na huduma za TEHAMA. Miongoni mwa waliokisukuma ni shirika la inABLE, lililoanzia kwenye maabara ya kompyuta ya Shule ya Wasioona ya Thika. Safari hiyo ya kutoka maabara ya shule hadi kiwango cha taifa ndiyo ninayotaka wengine waitazame kwa makini.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na ibara yake ya 9 inataja wazi teknolojia na mifumo ya habari na mawasiliano. Sheria ya manunuzi inatenga asilimia 30 ya zabuni kwa makundi maalumu, wakiwemo watu wenye ulemavu, na zabuni hizo zinapita kwenye mfumo wa kielektroniki wa NeST. Ajira za serikali zinaombwa mtandaoni. Ada, leseni, vitambulisho, vyote vimehamia huko au viko njiani. Kadiri huduma zinavyohama kaunta na kuingia kwenye skrini, ndivyo kosa dogo la mwandishi wa programu linavyopata nguvu ya kumfungia mtu haki yake, na hapo kaunta ya kukimbilia itakuwa imeshafungwa.

Kwa hiyo ombi langu kwa Mamlaka ya Serikali Mtandao, kwa Shirika la Viwango, TBS, na kwa kila afisa manunuzi anayeandaa hati ya zabuni ya tovuti au programu ya simu, ni la kifungu kimoja. Mkandarasi asilipwe awamu ya mwisho mpaka mfumo uwe umeendeshwa tangu kujisajili hadi kupata risiti kwa kibodi peke yake, na kwa programu ya kusoma skrini yenye sauti ya Kiswahili, na mtu anayeitumia programu hiyo katika maisha yake ya kila siku. Mtu huyo asiitwe siku ya uzinduzi kupiga picha na mgeni rasmi. Aitwe wakati makosa bado yanaweza kurekebishwa, taarifa yake iambatanishwe kwenye faili la mradi, na alipwe ada ya utaalamu kama anavyolipwa mkaguzi wa hesabu.